Nyumba Mbili za Mke Mmoja

Ukimpa Dorkasi mkono kumsalimu, ulikuwa unarudishiwa wako ukiwa umechubuka. Usicheke. Wapo wanaume wa mjini Dodoma, wavaa viatu na soksi, waliokuwa wakimwamkia kwa mbali makusudi na kujifanya wana haraka. Mikono ile ilikuwa imekandika kuta kwa miaka ishirini, na udongo wa Ugogo si unga wa ngano. Una mchanga, una changarawe, na ukiuchanganya na mavi ya ng'ombe ukakauka, unashika kama saruji ya Mzungu, tena bila kwenda dukani. Kutoka Buigiri mpaka Bahi hapakuwa na mwanamke aliyekandika ukuta ukasimama masika matatu bila ufa isipokuwa yeye. Anayebisha akaulize, ila asimwulize Dorkasi mwenyewe siku aliyokasirika.

Na mwaka ule, miaka michache kabla ya vita vya Hitla, Dorkasi alikasirika tangu Septemba hadi mvua za Desemba, mfululizo, bila likizo.

Alizaliwa Buigiri, akasoma kwa wamisheni mpaka akaweza kuandika jina lake na kusoma la mwenzake, akaona inatosha. Na kweli inatosha. Wapo waliosoma kupita hapo na bado wanapunjwa sukari mchana kweupe. Akaolewa kanisani na Gideoni, kijana mpole wa Chilungule, kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kusini mwa mji. Wakajenga tembe. Gideoni alikata nguzo za mpingo porini, kumi na nane, akazibeba begani moja moja kiangazi kizima. Dorkasi akakandika. Kila mwaka kabla ya mvua alipanda juu ya paa kuongeza udongo, mimba ikiwepo au isiwepo. Humo alizaa watoto wanne, akazika watatu, akamwoza Ruthu aliyebaki kwa watu wa Mvumi. Ndiyo sababu kila mtu alimwita Mama Ruthu.

Gideoni yeye alipata kazi ya reli, kazi ya kupaka grisi magurudumu ya mabehewa. Kila alfajiri alitembea kwenda stesheni, kila jioni alitembea kurudi. Miaka kumi na mmoja. Tembe lilikuwa imara, mke alikuwa imara, ila magoti ya Gideoni hayakuwa yamekandikwa na Dorkasi, kwa hiyo yakaharibika.

Ndipo Kefa, fundi wa reli aliyehamishwa Tabora, akatangaza kuuza nyumba yake ya mtaa wa Kikuyu, pembeni mwa mji. Vyumba viwili vya matofali mabichi, na paa la bati. Alitaka fedha ndani ya siku tano, kwa kuwa treni yake ilikuwa Jumatano. Watu wanane waliitaka.

"Tuuze kwanza ya kwetu," alisema Dorkasi.

"Tukingoja kuuza, Kefa atakuwa Tabora na nyumba itakuwa ya Mnyamwezi mwenye haraka zaidi yetu."

"Mtu hanunui chungu kipya huku cha zamani kiko jikoni kinachemka."

"Kwa nini asinunue?"

Dorkasi alitazama magoti ya mumewe, yaliyovimba kama maboga machanga, akaenda kufungua zizi. Wakauza madume mawili, wakaongeza akiba iliyokuwa imewekwa kwa Vithaldas mwenye duka la nguo, na Jumanne jioni ufunguo wa Kefa ukawa mkononi mwa Gideoni. Ulikuwa ufunguo wa kwanza kuumiliki maishani mwake. Alilala nao.

Nyumba ya zamani haikuwatia wasiwasi, maana ilikuwa na mnunuzi tayari. Silvano, mfuga ng'ombe wa palepale Chilungule, mtu wa maneno laini na tumbo lililomtangulia hatua moja, alikuwa akilitamani lile tembe siku nyingi kwa ajili ya zile nguzo. Alikubali mbele ya jumbe wa kijiji kwamba atatoa mtamba mmoja na mbuzi sita, ng'ombe wake wakirudi kutoka malishoni. Kisha akasimamisha fimbo yake mlangoni. Kwa watu wa Chilungule fimbo ikisimamishwa mlangoni nyumba imekwisha kusemewa. Hakuna mwingine atakayeuliza bei, hata akiwa ndugu, hata akiwa na kundi zima la ng'ombe.

Sasa hapa ndipo balaa lilipoingilia, kwa hiyo soma polepole.

Katika ukoo wa mama yake Dorkasi nyumba haiuzwi ikiwa baridi. Moto wa jikoni unazimwa mwenye nyumba akifa, basi. Nyumba ya kuuzwa unaikabidhi moto ukiwa hai, naye mnunuzi anaweka kuni zake juu ya zako. Ukiacha moto ukafa, utakuwa umemuuzia mwenzako matanga, na ana haki ya kukataa. Silvano aliijua desturi hiyo vizuri kuliko katekisimu. Siku wanahama alisimama kando akijipiga kifua kwa kiganja, akasema, "Mama Ruthu, nikija nisikute majivu ya baridi."

"Utakuja lini?"

"Ng'ombe wakirudi."

"Wanarudi lini?"

"Wakishiba."

Basi kila baada ya siku mbili Dorkasi aliondoka Kikuyu alfajiri, akatembea hadi Chilungule, akafukua makaa, akapuliza, akafukia kisiki kinene kwenye majivu kiweze kufuka siku mbili, akafagia ua, akarudi Kikuyu kusaga na kupika. Sasa mume akalala karibu na kazi, mke akatembea badala yake. Gideoni alipogundua hilo alicheka. Alicheka peke yake.

Agosti ikawa zamu ya kuhesabu nyumba. Siku zile kodi ililipwa kwa nyumba, na mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake, alilipia nyumba zote mbili. Mhesabuji wa vijijini alifika Chilungule asubuhi, akaona moshi unatoka, akaona mwanamke anafagia. Akaandika: Gideoni, nyumba moja, mke yupo. Siku ya tatu yake karani wa mjini, jina lake Sila, akapita Kikuyu jioni na kalamu sikioni. Akaona moshi, akaona mwanamke anasaga uwele. Akaandika: Gideoni, nyumba moja, mke yupo. Hakuna aliyesema uongo. Vitabu vile viwili vikaenda bomani, vikawekwa meza moja, vikafungishana ndoa vyenyewe, na Gideoni akatoka humo akiwa na nyumba mbili na wake wawili.

Septemba tarishi alimfuata stesheni katikati ya mabehewa. Gideoni akaenda bomani na grisi mikononi. Sila alikuwa kijana wa mashati meupe, aliyesoma mpaka utu ukamwisha. Alimwambia, "Mzee, shilingi kumi na sita."

"Ni nane, bwana karani."

"Nane kwa nyumba. Wewe una mbili."

"Ile ya zamani inauzwa."

"Imeuzwa?"

"Inauzwa."

"Kitabu hakijui inauzwa. Kinajua imeuzwa au haijauzwa." Kisha, kwa ukarimu wa mtu anayempa mwenzake maji kwa kijiko, akaeleza sheria. Gideoni alipe zote mbili sasa. Akiuza nyumba moja kabla kitabu cha mwaka hakijafungwa, yaani Jumamosi ya mwisho ya Desemba, saa sita mchana, amlete mnunuzi na jumbe. Atarudishiwa shilingi nane na stakabadhi itaandikwa upya. Asipouza, basi ni mtu wa nyumba mbili, mwaka huu na mwakani.

Asiyelipa alipelekwa kuchimba barabara. Gideoni aliyafikiria magoti yake kwenye barabara. Akalipa, mshahara wa karibu mwezi mzima, akabeba stakabadhi nyumbani akiwa ameikunja mara nne, kana kwamba ikikunjwa sana itasahau ilichoandikwa.

Dorkasi aliikunjua. Maneno mengi hakuyajua, ila tarakimu alizijua, na aliona mbili, kisha mbili nyingine.

"Hii mbili ya kwanza ni nini?"

"Nyumba."

"Na hii?"

Gideoni alitazama bati. "Wake."

"Wa pili nani?"

"Ni wewe, Mama Ruthu. Walikuona kule."

"Na wa kwanza?"

Akafikiri. "Wa kwanza pia ni wewe. Walikuona huku."

"Kwa hiyo nimeolewa mara mbili na mtu yuleyule mjinga."

Usiku ule hakumpa mgongo tu, alihamisha mkeka.

Unaweza kusema, shilingi nane tu hizo, na tarakimu mbili tu hiyo. Sema ukiwa mbali. Mwanamke huyu alikuwa amesimama mbele ya madhabahu ya Buigiri akaahidiwa na mtu mzima, mbele ya mashahidi, kwamba atakuwa peke yake. Miaka ishirini ahadi hiyo ilikaa. Ukame haukuivunja, nzige hawakuivunja, vifo vya watoto havikuivunja. Leo kijana wa kalamu ameivunja kwa kupita barabarani jioni. Dorkasi alitaka ile mbili ifutwe, na njia aliyoonyeshwa ilikuwa moja, tembe liuzwe kabla ya Jumamosi ile.

Stakabadhi haina miguu lakini ilitembea. Kwanza ilifika kanisani. Nikodemo, mwalimu wa kanisa, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuomba radhi, alikuja Kikuyu Jumamosi na kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa jambo la huzuni. Watu wameona jina la mzee kwenye orodha ya boma. Najua si kweli. Lakini ndugu wanauliza. Wazee wa kanisa wamesema mzee Gideoni akae nyuma kwanza, asikaribie meza ya Bwana mpaka karatasi irekebishwe."

"Unajua si kweli."

"Najua kabisa, mama."

"Na bado akae nyuma."

"Kwa ajili ya ushuhuda."

"Sawa. Na mimi je? Mke wa kwanza anakaa benchi lipi, na wa pili anakaa lipi? Nionyeshe yote mawili, maana nitakuwa natoka hapa nakwenda pale katikati ya wimbo."

Nikodemo aliivaa kofia yake kabla hajafika mlangoni.

Kisha ikawafikia majirani, na hao hawakuja na huzuni. Batuli, mpika maandazi wa nyumba ya pili, Mwislamu mwenye mume wa wake watatu, alimwona Dorkasi akitoka alfajiri na kisiki kichwani, akamsubiri penye kona.

"Mama Ruthu, leo zamu ya mwenzio?"

Dorkasi akapita.

"Mpe salamu. Mwambie sisi hatuna kinyongo. Anaitwa nani vile? Bi Moshi?"

Jina likashika. Kufikia Oktoba watoto wa Kikuyu waliamini kuna mwanamke anaitwa Bi Moshi, mweupe, mfupi, mwenye jino la mbele lililopishana. Mmoja aliapa amemwona mnadani akinunua kanga. Batuli alikuwa akiuza maandazi zaidi kuliko mwaka wowote, maana watu walikuja kupata habari na hawakuweza kuondoka mikono mitupu. Jioni moja alimpelekea Dorkasi maandazi sita, akasema matatu ni ya mwenziwe. Dorkasi aliyala yote sita amesimama, akimtazama usoni, bila kusema asante.

Hayo yote angeyavumilia kama Silvano angetimiza neno. Ng'ombe walirudi kutoka malishoni katikati ya Oktoba. Dorkasi aliwahesabu kwa macho yake wakipita. Kesho yake akamkuta Silvano kwenye ua wa tembe, amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe alichokuja nacho, anatafuna karanga.

"Mbukwa, Mama Ruthu," Silvano akamwamkia kwa Kigogo. "Moto ni mzima? Nimeuchungulia. Mzuri."

"Ng'ombe wamerudi."

"Wamerudi wamekonda. Mtamba niliyemkusudia amekuwa mbavu. Nitaona aibu kukupa."

"Nipe mbavu."

"Hapana, mimi nakuheshimu. Tuseme mbuzi sita, mtamba tumwache."

"Tulipatana mbele ya jumbe."

"Tulipatana wakati wa mavuno. Sasa naambiwa bomani kuna tarehe." Akatema ganda la karanga taratibu. "Mtu mwenye tarehe na mtu asiye na tarehe hawauziani sawasawa, dada yangu. Wewe una Desemba. Mimi nina miaka yangu yote."

Ndipo Dorkasi alipoelewa kwamba Silvano alikuwa amekalia siku zake kama alivyokalia kigoda. Kila kisiki alichokibeba kichwani kutoka Kikuyu kilikuwa kinapunguza bei ya nyumba yake mwenyewe. Novemba mbuzi wakawa wanne, kwa kuwa wawili eti walikuwa na mimba na haifai kuwahamisha. Mwisho wa Novemba wakawa wawili, bila sababu. Jumbe alipoulizwa alijikuna akasema neno la mtu ni la mtu, yeye hakuandika popote. Na fimbo bado ilikuwa mlangoni, kwa hiyo hakuna mwingine aliyethubutu kuulizia.

Dorkasi akaenda bomani. Alipanga foleni tangu saa moja asubuhi nyuma ya watu wenye kesi za mbuzi na mipaka, na saa tano akafika mbele ya meza.

"Mimi ndiye mke wa Gideoni wa Kikuyu."

Sila akageuza kurasa. "Wa kwanza au wa pili?"

Dorkasi aliweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini. Sila akaitazama, akavuta wino kando.

"Wote wawili," alisema Dorkasi. "Tumekuja pamoja. Mke wa pili futa."

"Mama, siwezi kufuta."

"Umemwandika jina gani?"

"Hakuna jina. Wanawake hawaandikwi majina kwenye kitabu hiki. Wanaandikwa idadi."

"Basi mimi humo sina jina."

"Huna."

"Na yeye hana."

"Hana."

"Basi umejuaje mimi ni yupi?"

Sila akaeleza tena kuhusu mnunuzi, jumbe, saa sita. Alisema yeye hana kosa, alipita Kikuyu akaona moshi na mwanamke. Dorkasi akasema na yule mwingine aliona moshi na mwanamke. Sila akasema ndiyo, moshi na mwanamke ndiyo nyumba, hivyo ndivyo walivyofundishwa kuhesabu. Kisha akaita anayefuata.

Njia nzima ya kurudi Kikuyu Dorkasi alikuwa akizungumza peke yake. Waliopishana naye walitoka barabarani.

Mvua za kwanza zikaanguka Desemba. Tope la njia ya Chilungule likawa la kufika kwenye mashavu ya miguu, na visiki vikalowa, ikabidi avifunge ndani ya kipande cha turubai. Gideoni alimsihi aache. Dorkasi akamjibu kwamba akiacha, Silvano atasema nyumba imekufa, atakuwa na haki, na ile mbili itabaki mpaka siku ya kiyama. Gideoni akasema labda wakubali mbuzi wawili. Dorkasi akafikiri siku mbili. Akameza hasira. Alhamisi ya mwisho akaenda kumkubalia Silvano mbuzi wawili.

Silvano alikuwa ndani ya tembe lenyewe, amejikinga mvua, anaota moto wa Dorkasi.

"Nimekubali," alisema Dorkasi. "Wawili. Jumamosi asubuhi twende bomani."

Silvano alinyoosha miguu kwenye moto. "Nilisema wawili lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita ulikuwa na wiki nne. Leo una siku mbili." Akatabasamu, wala hakuwa na uadui, alikuwa kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. "Mmoja. Tena dume. Na usifyonye hivyo, Mama Ruthu, shukuru una mnunuzi. Nyumba ikikaa tupu inaliwa na mchwa."

Dorkasi alitazama kuta. Aliziona jinsi zilivyo, pale alipopaka mimba ya Ruthu ikiwa na miezi minane, pale alipopaka wiki moja baada ya msiba wa pili kwa sababu mvua haikumsubiri alie. Hakuna ufa. Akachukua mtungi wa maji uliokuwa kwenye kona, akaumimina wote motoni, katikati ya miguu ya Silvano.

Silvano aliruka juu, jivu limemjaa hadi kwenye kope. "Umeua nyumba," alisema.

"Nimeiua. Toka, nizike."

Ijumaa asubuhi alikuwa juu ya paa na jembe. Wanawake wa Chilungule walimwona toka mbali, na kwa kuwa hapakuwa na nyumba kijijini ambayo mikono yake haikuipitia, walikuja mmoja mmoja na majembe yao bila kuulizwa wala kuuliza. Udongo wa paa ulishuka kwa vishindo. Fito zikafuata. Saa sita mchana mvua ilikuwa inanyesha ndani ya chumba alichozalia, na Dorkasi hakushuka.

Gideoni alifika ameomba ruhusa kazini, anachechemea. Alisimama akitazama, mdomo wazi.

"Mama Ruthu. Nyumba yetu."

"Shika upande huo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungesema tufikiri. Shika."

Akashika. Walipoanza kung'oa nguzo za mpingo Silvano akatokea anakimbia, tumbo mbele, na sasa maneno laini yalikuwa yamemwisha.

"Ngojeni. Nguzo hizo nazinunua. Nguzo tu. Mbuzi wanne."

Nguzo ya tatu ikatoka ardhini, kavu, nyeusi, bila alama ya mchwa.

"Sita. Mbuzi sita, Gideoni, wewe ni mwanaume, sema na mkeo."

Gideoni akaweka nguzo chini. Alikuwa mtu mpole, na mbuzi sita ni mbuzi sita. "Sita, Mama Ruthu," alisema kwa sauti ndogo.

Dorkasi alikwenda mlangoni, au pale palipokuwa na mlango, akaichukua ile fimbo ikiwa imelowa, akampelekea Silvano mkononi kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Uliisimamisha kwenye mlango wa nyumba. Haya, tafuta mlango." Kisha akamgeukia mumewe. "Beba."

Punda wa kukodi walisafirisha nguzo kumi na nane Kikuyu usiku uleule. Kuta walizibomoa kwa nyundo na majembe mpaka zikawa kifusi, na Dorkasi alivunja ya chumba chake mwenyewe, hakumruhusu mwingine. Alilia pale, lakini huku anapiga, kwa hiyo hakuna aliyeona njia ya kumfariji.

Jumamosi saa nne alikuwa mbele ya meza ya Sila na jumbe wa Chilungule, ambaye Dorkasi alimwendea saa kumi na moja alfajiri akamwambia achague: aje kwa miguu yake au aje kwa namna nyingine. Jumbe alikuja kwa miguu yake.

"Mnunuzi yuko wapi?" aliuliza Sila.

"Hakuna mnunuzi. Hakuna nyumba."

"Sheria inasema kuuza."

"Jumbe, sema ulichoona leo alfajiri."

"Udongo," alisema jumbe. "Na mashimo kumi na nane."

Sila alikuna shavu kwa kalamu. Alieleza kwamba kubomoa si kuuza, kwamba nyumba ilikuwepo siku ya kuhesabiwa, kwamba shilingi nane zililipwa kihalali na hazina njia ya kurudi isipokuwa kwa mnunuzi. Fedha zile zilikwisha kwenda Dar es Salaam.

"Ziliwe," alisema Dorkasi.

"Ziliwe?"

"Ziliwe. Serikali imemlisha mke ambaye hayupo, imshibishe. Mimi nimefuata ile mbili ya wake. Fungua kitabu."

"Mama, bila mauzo siwezi kurekebisha mwaka huu. Nitaandika kwa mwakani."

"Jumamosi ya mwisho, saa sita, ni wewe uliyesema. Sasa ni saa nne. Ndani ya saa hizi mbili, kitabu chako kina nyumba ngapi za Gideoni zinazotoa moshi?"

"Moja."

"Wanawake wangapi?"

Nyuma watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye kibaraza, na mmoja wao, kwa sauti ya kike iliyojulikana Kikuyu nzima, alisema, "Bi Moshi amekufa jana. Tumemzika na mvua."

Hakuna aliyecheka, hata Batuli mwenyewe. Alikuwa amefunga duka lake la maandazi asubuhi ya Jumamosi, na jambo hilo halikuwa limewahi kutokea.

Dorkasi aliweka stakabadhi mezani, ikiwa na mikunjo minne, na juu yake akaweka mikono. "Usipofuta," alisema bila kupandisha sauti, "nitakaa hapa. Utanihesabu kila asubuhi ukija na kila jioni ukitoka. Baada ya mwaka utakuwa umeniandika mara mia saba."

Ilikuwa saa tano na robo Sila alipochovya kalamu. Alikata ile mbili ya wake kwa mstari, akaandika moja, akatia sahihi ndogo pembeni. Ile ya nyumba akaiacha, kwa ajili ya sheria. Dorkasi aliitazama kwa muda mrefu. Hakuridhika, lakini aliichukua kabla wino haujakauka vizuri, na hakusema asante.

Gideoni alikuwa amekaa kwenye ngazi za boma, magoti mbele yake.

"Wamerudisha?"

"Hawakurudisha."

Akahesabu kwa vidole. "Tumekosa nyumba. Mtamba. Mbuzi sita. Shilingi nane." Akamtazama mkewe bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Tumepata nini?"

Dorkasi alimwekea karatasi machoni, karibu mno, mpaka Gideoni akarudisha kichwa nyuma.

"Soma hapo."

Midomo ilicheza. "Moja."

"Tena."

"Moja."

"Kesho utakaa benchi la mbele," alisema Dorkasi, "na Nikodemo akija kukuhamisha, utaisoma hivyohivyo, kwa sauti, mpaka wazee wote wa kanisa wasikie. Sasa inuka. Nyumba iko karibu, utafika na magoti yako hayohayo."